Pesa za umma na dawa kali za maumivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nairobi

Mimi ni mfamasia katika hospitali ya umma hapa Nairobi. Jamaa za wagonjwa huishia kwenye dirisha langu wakiwa na karatasi ya daktari mkononi, na maswali yao yanafanana sana. Mengine huulizwa na wauguzi, mengine na wakazi wanaohudhuria vikao vya bajeti ya kaunti. Nimeyakusanya hapa ili yasomwe na wengi kuliko wale wanaoweza kupanga foleni mbele yangu. Kama unatafuta dozi ya mgonjwa wako, muulize anayemtibu. Hapa nazungumzia pesa, ununuzi, na sababu za dawa kukosekana.

Opioidi ni dawa gani?

Ni jamii ya dawa za kutuliza maumivu zinazotokana na afyuni, au zilizotengenezwa maabarani zikafanya kazi kama hizo. Kodeini na tramadoli zina nguvu ya wastani. Mofini, pethidini, fentanili na methadoni ni kali. Nitaizungumzia mofini zaidi kwa sababu ndiyo kipimo cha mfumo mzima: hospitali yenye mofini ya kunywa kila siku ya mwaka kwa kawaida imejipanga, na isiyo nayo ina wagonjwa wanaolia usiku. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na imo kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Kenya. Haina hataza pia. Ilitenganishwa na afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kudai kwamba ni mali yake peke yake.

Nimesikia serikali inatumia pesa nyingi mno kwa dawa hizi. Ni kweli?

Kwa Kenya si kweli, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe.

Wapangaji wa mahitaji ya dawa hukadiria kwamba watu 8 kati ya 10 wanaofariki kwa saratani hupata maumivu makali, na kwamba kila mmoja huhitaji miligramu 60 hadi 75 za mofini ya kunywa kwa siku, kwa muda wa siku 90 hivi. Hiyo ni gramu 6 hivi kwa mgonjwa mmoja, tangu maumivu yanapokuwa makali hadi mwisho wa maisha yake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka vifo vya saratani Kenya kuwa takriban 27,000. Chukua asilimia 80 ya hao, zidisha kwa gramu 6, utapata kama kilo 130 za poda ya mofini kwa nchi nzima, kwa mwaka mzima. Mzigo huo wote ungeingia nyuma ya Probox moja.

Najua hesabu hiyo imewaacha nje waliovunjika mifupa kwenye ajali za bodaboda, walioungua moto, wenye ugonjwa wa selimundu na wanaotoka kufanyiwa upasuaji. Hata ukiizidisha mara tatu, bado ni mzigo mdogo. Na kwa bei za soko la dunia, miligramu 10 za mofini ya kawaida hugharimu senti chache za dola.

Mwaka 2017 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilitoa hesabu ya dunia. Kati ya tani 298.5 za opioidi zilizosambazwa kwa mwaka, ukizipima kwa nguvu ya mofini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Jopo hilohilo lilikadiria kwamba kuziba pengo lote la dunia, kwa bei nafuu zilizopo, kungegharimu dola milioni 145 kwa mwaka. Kwa watoto wote wa nchi maskini wanaohitaji, dola milioni 1 ingetosha. Mtu akikuambia kwamba mama yako anaumwa kwa sababu nchi haina pesa, mwonyeshe nambari hizo.

Basi ni nani hasa anayenunua?

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile iliyo karibu na Northern Bypass, ziko chini ya serikali ya kitaifa, na pesa zao hupitia Wizara ya Afya. Mbagathi, Mama Lucy Kibaki na Pumwani ni za Kaunti ya Nairobi, na bajeti yao hupitishwa na bunge la kaunti. Ukifuatilia vitabu vya zamani, kumbuka kwamba kati ya Machi 2020 na mwaka 2022 afya ya Nairobi ilikuwa mikononi mwa NMS, ofisi ya serikali ya kitaifa iliyokabidhiwa baadhi ya kazi za kaunti, kwa hiyo hesabu za miaka hiyo zimetawanyika.

Kaunti huagiza dawa kwa KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua na kusambaza dawa, kisha hulipa. Mofini ina hatua za ziada ambazo parasetamoli haina. Chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, kila nchi hupeleka makadirio yake ya mwaka kwa bodi ya kimataifa yenye makao Vienna, na kila mzigo huhitaji kibali cha nchi inayonunua na kibali cha nchi inayouza. Kwetu kibali hicho hutolewa na Bodi ya Dawa na Sumu. Ndani ya nchi kuna sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, ambayo adhabu zake zinajulikana na kila mfamasia.

Mkataba huo wa 1961 una majukumu mawili. Utangulizi wake unasema wazi kwamba matumizi ya dawa hizi katika tiba hayana budi kuendelea, kwa ajili ya kupunguza maumivu na mateso, na kwamba serikali zihakikishe zinapatikana. Sisi tumelishika jukumu la kuzuia kwa mikono miwili, hili la pili tumelishika kwa vidole.

Kama ni rahisi hivyo, kwa nini nikija dirishani naambiwa imeisha?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linaniuma kwa sababu anayeuliza huwa ametoka mbali, mara nyingi kwa matatu mbili, na mgonjwa amebaki nyumbani.

Sababu ya kwanza ni madeni. Kaunti zinadaiwa na KEMSA mabilioni ya shilingi, na mteja mwenye deni hupewa mzigo kwa kuchelewa au kwa kupunguziwa. Kaunti ikilipa sehemu, oda inayotangulia ni ya zile dawa zinazopigiwa kelele: za malaria, za kisukari, za shinikizo la damu, dripu, glavu. Mofini hukaa mwisho wa karatasi kwa sababu wanaoihitaji hawana nguvu ya kuandamana, na jamaa zao wanashughulika na mazishi.

Sababu ya pili ni jinsi tunavyokadiria. Stoo huagiza kwa kuangalia ilitumia kiasi gani mwaka jana. Kama mwaka jana dawa ilikosekana kwa miezi mingi, kitabu kitaonyesha matumizi madogo, na oda mpya itakuwa ndogo vilevile. Mgonjwa aliyerudishwa mikono mitupu haandikwi popote. Mimi nimeanza kuwaandika katika daftari la pembeni, tarehe na kiasi kilichokosekana bila jina, ili wakati wa kuagiza nipate cha kuonyesha. Mfamasia unayesoma hapa, fanya hivyo hata leo jioni.

Sababu ya tatu ni woga. Kuna madaktari wazuri kabisa ambao mkono wao hutetemeka wanapofika kwenye neno mofini. Dawa isiyoandikwa haitoki, isiyotoka huharibika ikiwa kabatini, na mkaguzi akikuta imeharibika, mwaka unaofuata haiagizwi. Hivyo woga wa daktari mmoja wodini huishia kuwa shimo kwenye bajeti.

Hiyo mofini ya kunywa inatengenezwaje? Mbona inaonekana kama juisi?

Hutengenezwa kwa poda, na ndiyo njia yenye nafuu kuliko zote. Nieleze kidogo, maana watu wengi huona chupa tu.

Poda inakaa ndani ya kabati lenye kufuli mbili. Ikitolewa, watu wawili hushuhudia na kutia sahihi. Inapimwa kwa mizani ya gramu, si kwa kijiko. Maji huwa yamechemshwa na kuachwa yapoe. Dawa huyeyushwa humo pamoja na kihifadhi cha kuzuia ukungu, kisha rangi kidogo ya chakula, ili nguvu moja ya dawa isichanganywe na nyingine. Nguvu ya chini ya kawaida ni miligramu 5 katika mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai cha kupimia. Tunajaza chupa, tunabandika karatasi yenye tarehe na nguvu, halafu kitabu kinajazwa hadi mililita ya mwisho. Kiasi kilichobaki kabatini lazima kilingane na kitabu, na kisipolingana hakuna anayekwenda nyumbani.

Linganisha na bandiko la fentanili, linalobandikwa kwenye ngozi. Ni dawa nzuri, inamfaa mgonjwa asiyeweza kumeza, lakini bei yake ni mara nyingi ya mofini ya maji. Hospitali inayowaandikia mabandiko wagonjwa wanaoweza kumeza imechagua kutibu wachache kwa pesa ambazo zingetibu wengi. Wauzaji wa dawa hutembelea madaktari kusifu mabandiko. Hakuna mtu anayepita maofisini kusifu poda, kwa sababu hakuna faida ya kumlipa mtu huyo.

Mbona tramadoli iko kila kemisti, na mofini haiko hospitalini?

Kwa sababu tramadoli haimo kwenye orodha za mkataba wa 1961. Haihitaji makadirio ya Vienna wala vibali viwili vya mpakani. Kwa hiyo inaingia kirahisi, inauzwa kirahisi, na mara nyingi inauzwa hata bila ile karatasi ya daktari ambayo sheria inaitaka.

Matokeo yake ni ya kusikitisha pande zote mbili. Kijana wa mtaani anaipata bila kuulizwa. Mgonjwa wa saratani anapewa hiyohiyo, ingawa maumivu yake yameipita nguvu. Ukiongeza dozi kupita kiwango chake inaweza kuleta degedege, na miili ya watu inatofautiana katika kuibadilisha iwe na nguvu, kwa hiyo wengine haiwasaidii kabisa. Familia hununua pakiti baada ya pakiti kwa pesa zao. Gharama hiyo haionekani kwenye kitabu chochote cha serikali, lakini imelipwa na mtu anayeuza kuku ili mama yake alale.

Wodini, kwa waliolazwa, mambo yanafanana na hayo, isipokuwa huko hutumiwa sindano ya pethidini. Inafaa kwa muda mfupi. Ikitumiwa siku nyingi, mabaki yake hujikusanya mwilini na yanaweza kuleta degedege vilevile. Inahitaji bomba la sindano, sindano yenyewe, muuguzi na kitanda kila baada ya saa chache. Mofini ya kunywa inahitaji kijiko cha kupimia na mtu mmoja nyumbani anayejua saa.

Uingereza wanasema wanatumia opioidi kupita kiasi. Sisi tunaomba zaidi. Tumekosea wapi?

Hatujakosea. Matatizo ni mawili tofauti na yanatoka pande zinazopingana.

Huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, ilianzishwa Julai 1948, na hugharamia dawa za watu wengi kupitia kodi. Mapitio rasmi yaliyotolewa Septemba 2019 yalionyesha kwamba katika mwaka wa 2017 hadi 2018, watu wazima milioni 5.6 wa England waliandikiwa opioidi kwa maumivu yasiyo ya saratani. Hao ni asilimia 13 ya watu wazima. Wengi walikuwa na maumivu ya muda mrefu ya mgongo na viungo, ambayo opioidi haziyasaidii sana, na kadiri zinavyotumiwa ndivyo kuziacha kunavyokuwa kugumu. Mwaka 2021 mwongozo wa kitaifa uliwaambia madaktari wasianzishe opioidi kwa aina ya maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine kinachojulikana. Wao wanapunguza mahali ambapo dawa haikufaa. Sisi tunaiomba mahali ambapo inafaa na haipo.

Kuna kisa kimoja cha huko ambacho maofisa wetu wa ununuzi wangefaa kukijua. Mwaka 2001 mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliitoza faini kampuni ya Napp, iliyokuwa ikiuza vidonge vya mofini vinavyoachia dawa polepole mwilini. Kampuni hiyo iliwauzia hospitali kwa punguzo la zaidi ya asilimia 90, karibu bure. Mgonjwa akishazoea vidonge hivyo wodini, daktari wa mtaani aliendelea kumwandikia vilevile, na huko bei ilikuwa kamili, ikilipwa na NHS hiyohiyo. Faini ilikuwa pauni milioni 3.2, ikapunguzwa kwenye rufaa hadi milioni 2.2.

Ukipewa dawa kwa bei ya kutupwa ndani ya hospitali, uliza bei yake nje ni ngapi. Kaunti inaponunua vidonge vyenye jina la kampuni huku poda isiyo na jina ikiwa sokoni, mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini.

Tukileta mofini nyingi, si tutakuwa kama Marekani?

Ni hofu ya haki, sitaidharau. Tunaona vijana walioathiriwa na heroini Mathare, Ngara na Pwani, na hakuna mzazi anayetaka kuongezewa balaa.

Lakini angalia janga la Marekani lilianzia wapi. Kidonge cha OxyContin kilitoka 1996, kikanadiwa kwa nguvu kwa ajili ya maumivu ya kawaida ya muda mrefu. Mwaka 2007 kampuni mshirika wa Purdue, watengenezaji wa kidonge hicho, ilikiri mahakamani kwamba hatari ya uraibu ilipotoshwa, na malipo yalipita dola milioni 600. Chanzo kilikuwa biashara, na mfumo wa malipo uliomzawadia kila aliyeandika na kuuza zaidi. Mofini ya maji inayotolewa na hospitali ya umma, kwa nguvu ndogo, kwa chupa zenye tarehe, kwa mgonjwa anayejulikana na muuguzi wake, haina faida ya kumsukuma mtu yeyote aizidishe. Udhibiti wa kabati na kitabu nilioueleza juu nautaka ubaki. Ninachokataa ni kuutumia udhibiti huo kama sababu ya kutonunua.

Daktari ametaja mofini. Ina maana mama yangu anakufa?

Pole, ndugu yangu. Hapana, haina maana hiyo. Mofini hupewa mtu aliyevunjika paja, aliyepasuliwa, mwenye mshtuko wa moyo, na mtoto wa selimundu aliyeshikwa na maumivu, na wengi wao hurudi kazini au shuleni.

Kwa mwenye saratani, mofini iliyopimwa vizuri na kuongezwa polepole haimharakishii kifo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba anapata usingizi, anakula, anazungumza. Kusinzia kwa siku za kwanza ni kawaida na huwa kunapungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iandikwe siku hiyohiyo. Usipoiona kwenye karatasi, rudi ukaulize. Na msimsubirishe mgonjwa hadi alie ndipo mmpe. Ile ya maji hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, kwa sababu nguvu yake hupungua baada ya muda huo. Mwili ukishaizoea dawa, ikisitishwa ghafla kuna taabu. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kupiga kelele stoo inapokauka.

Familia nyingi huficha maumivu ya mgonjwa, au humwambia avumilie. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayeumwa akisema kiasi cha maumivu yake, mwamini.

Na watoto?

Watoto ndio waliosahauliwa zaidi. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaokosa dawa za maumivu. Wakati huo hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma zilikuwa na mofini ya kunywa. Tangu hapo serikali imeanza kununua poda kupitia KEMSA, vitengo vya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito, vimefunguliwa katika hospitali nyingi, na sera ya kitaifa ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030 imetolewa. Ni hatua kubwa na waliozipigania wanastahili shukrani. Hata hivyo sera haimezwi. Mtoto wa selimundu anayefika usiku wa manane bado anaweza kukuta kabati limefungwa na mwenye ufunguo yuko nyumbani.

Kwa nini Uganda inasemwa wametushinda, nao si matajiri kuliko sisi?

Kwa sababu waliamua mapema. Daktari Anne Merriman alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa matibabu wa Nairobi Hospice, kituo cha tiba shufaa kilichoanza mwaka 1990 katika kiwanja cha Hospitali ya Kenyatta. Baadaye alihamia Kampala na kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Serikali ya Uganda ilikubali mofini ya maji iwe bure kwa mgonjwa, na mwaka 2004 ikawaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Wagonjwa wa vijijini hawakulazimika tena kumtafuta daktari aliye wilaya nyingine.

Kwetu kazi ya kuandika mofini bado imeegemezwa kwa daktari. Hapa Nairobi hilo halionekani sana kwa sababu madaktari tunao. Nenda Turkana au Tana River ndipo utaelewa. Mimi naunga mkono muuguzi aliyefunzwa aruhusiwe, na sijawahi kusikia pingamizi la kitabibu lililonishawishi. Mtu anayekesha na mgonjwa ndiye anayejua dozi haijatosha.

SHA inalipia?

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na makato ni asilimia 2.75 ya mapato, yasiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mgonjwa akiwa amelazwa, dawa zake huhesabiwa ndani ya malipo ya kulazwa. Tatizo huanza akirudi nyumbani Kayole au Kawangware. Huduma za wagonjwa wa nje zimeelekezwa kwenye vituo vya ngazi za chini kupitia Mfuko wa Huduma ya Afya ya Msingi, na zahanati hizo kwa kawaida hazina mofini. Kwa hiyo bima inalipia dawa mahali mgonjwa hataki kukaa na haimfikii mahali anapoishi. Kabla ya kuruhusiwa kutoka, muulize mhudumu wa kitengo cha tiba shufaa: chupa inayofuata nitaichukua wapi, na nani atailipia?

Methadoni nayo ni opioidi. Inatoka kwenye bajeti hiyohiyo?

Hapana. Methadoni hapa Kenya inajulikana zaidi kama tiba ya uraibu wa heroini. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa katika Hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, na Nairobi kuna nyingine Ngara. Sehemu kubwa ya gharama imebebwa na wafadhili, hasa Mfuko wa Dunia na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kila aliyekuwa kwenye foleni ya asubuhi alijua jinsi kikombe chake kinavyotegemea uamuzi wa nchi nyingine. Mtu anayetegemea dozi ya kila siku hawezi kungojea mazungumzo ya miezi. Gharama hiyo iingie kwenye bajeti yetu wenyewe.

Naweza kununua mofini kemisti?

Kwa karatasi ya daktari, kwenye baadhi ya maduka makubwa ya dawa na hospitali za kibinafsi, ndiyo, kwa bei inayotofautiana sana. Usinunue kwa mtu asiyekuuliza karatasi.

Mgonjwa wetu amefariki na chupa imebaki. Tufanye nini?

Poleni sana. Msiimwage kwenye sinki wala kumpa jirani anayeumwa mgongo. Irudisheni kwenye duka la dawa la hospitali iliyoitoa. Tutapima kilichobaki, tutakiandika kitabuni na kukiharibu kwa utaratibu. Hakuna atakayewauliza kwa nini mlikuwa nayo.

Nawezaje kujua kaunti yangu inatumia kiasi gani kwa dawa hizi?

Kwenye kitabu cha bajeti utakuta mstari mmoja mnene wa dawa na vifaa vya hospitali. Mofini haionekani humo, ndiyo maana ni rahisi kuikata bila mtu kujua. Inabidi uulize.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kwa hiyo maoni yenye uzito ni yale ya Februari hadi Mei; ukija Julai mambo yameshapita. Vikao vya maoni hutangazwa magazetini na katika ofisi za wadi.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Barua haihitaji wakili wala ada ya kuiwasilisha. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza kwa afisa mkuu wa afya wa kaunti, na uulize mambo machache yanayohesabika: mwaka uliopita wa fedha mliagiza gramu ngapi za poda ya mofini, mlipokea ngapi, mlilipa shilingi ngapi, na katika kila hospitali dawa ilikosekana kwa siku ngapi. Uliza pia kiasi kilichotumika kwa pethidini, tramadoli na mabandiko ya fentanili, ndipo utaona pesa za maumivu zinaelekea wapi.

Nakala moja mpelekee mwakilishi wadi wako, nyingine kamati ya afya ya bunge la kaunti pale City Hall, na uombe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala unayobaki nayo. Siku 21 zikiisha bila jibu, peleka nakala hiyo yenye mhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo.